Picha ya Mhunzi wa Kengele

Mwezi uliopita, mliponiaga kazini, mlinipa saa ya ukutani na hotuba nyingi, na karibu kila hotuba ilinisifu kwa uaminifu. Hiyo ni sifa anayopewa mtu ambaye hakuna anayekumbuka vizuri alikuwa akifanya nini. Siwalaumu. Wengi wenu mlinikuta tayari ni mzee wa meza, nagonga mihuri na kuuliza nani amechukua mkasi wa ofisi. Kabla ya meza kulikuwa na gari la sinema, na habari za gari hilo ndizo ninazotaka mbaki nazo. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa navyo viliniruka mara nyingi.

Niliingia kazini Shinyanga mwishoni mwa miaka ya arobaini. Nilikuwa na mke na binti mdogo, Nyamizi, na nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya misheni. Walinichukua kwa ajili ya mdomo wangu. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inazungusha picha za kilimo cha pamba, kuogesha ng'ombe na kuchemsha maji, nazo zilikuwa zinasema Kiingereza. Ilitakiwa sauti ya mtu wa kwetu aliyeshika kipaza sauti, aeleze kwa Kiswahili, na wazee wakikunja nyuso ahamie Kisukuma. Mimi nilikuwa naweza kusema tangu jua linazama mpaka mbwa wanachoka kubweka.

Bwana wangu kazini alikuwa fundi Rajabu, mtu wa Tabora, mwembamba, mswalihina, asiyevumilia vumbi. Mashine za picha alijifunzia jeshini wakati wa vita, akiwaonyesha askari sinema katika nchi ambazo majina yake aliyatamka kwa uchovu. Alikuwa na brashi ya manyoya laini, chupa ya spiriti, wembe wa kukatia mkanda na gundi ya kuunganishia. Hakuna aliyevigusa vitu hivyo bila kunawa.

"Unywele mmoja hapa," aliniambia akionyesha lenzi, "kule kwenye shuka ni kamba ya kufungia ng'ombe."

Siku yangu ya kwanza tulikwenda Samuye. Nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini fundi alininyima kipaza sauti. Alinikalisha chini ya shuka jeupe la kuonyeshea picha, mgongo kwenye picha, uso kwa watu.

"Picha utaitazama miaka yako yote, Kulwa. Leo tazama watu."

Nilikasirika, lakini nilitazama. Niliona mzee mmoja akimfuata kwa macho fahali wa kwenye shuka kama mtu anayepanga bei, na picha ilipokwisha alikuja kuniuliza mwenye fahali anakaa wapi. Niliona pia kwamba mahali tulipodhani watu watacheka walinyamaza, na mahali pa kunyamaza walicheka. Jioni ile nilijifunza kazi kuliko miezi iliyofuata, ingawa nilikataa kukubali, kwa sababu kesho yake nilipewa kipaza sauti na nikasahau kila kitu isipokuwa sauti yangu.

Nilipata jina. Maganzo, kwa wachimba almasi, walikuwa wakipiga makofi gari likiingia, na wengine walikuja kunisikiliza mimi tu, shuka wakalipa kisogo. Fundi Rajabu alikuwa akisafisha lenzi.

Sasa nije kwenye picha yenyewe.

Kulikuwa na padri mzee, Mswisi, katika misheni moja upande wa Geita. Tulilala kwake mara kwa mara tukiwa safarini. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na mashine yake ya picha ilikuwa imekufa zamani. Siku moja alituletea sanduku la bati lenye magurudumu ya mkanda. Akasema ni picha ya Kijerumani, ya zamani, ya kabla picha hazijajua kusema. Nduguye alimtumia. Alitaka kuiona mara moja tena kabla macho hayajafumba kabisa, na baadaye tukae nayo sisi, maana kwake ingeliwa na joto.

Fundi aliunyoosha mkanda kwenye mwanga. Ulikuwa na matundu pande zote mbili, alama ya mkanda usio na sauti.

"Mwendo wa polepole, padri?"

"Polepole," padri alisema. "Watu siku hizi wanazikimbiza, zinakuwa za kuchekesha."

Tuliionyesha kwenye ukuta wa ghala la misheni, padri akiwa amekaa karibu kabisa, pua yake karibu iguse picha. Maandishi ya Kijerumani yakitokea, alikuwa akitufasiria bila kuyasoma. Aliyajua kwa moyo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika mji wa milimani kuna mhunzi anayeyeyusha shaba na kuimimina kalibuni kutengeneza kengele za makanisa. Ana sifa kwamba hakuna kengele yake inayolia vibaya. Ana mke, na ana mshindani anayesubiri akosee. Siku moja tanuri linapasuka karibu na kichwa chake. Anapona, lakini masikio yamekufa. Anaficha. Mji umemwagiza kengele kubwa kuliko zote, na yeye hawezi tena kujua kama italia au itapasua masikio ya watu. Basi.

Mimi niliona kisa kizuri. Nikawaza mara moja nitakavyokisimulia, wapi nitapaza sauti, wapi nitamwigiza mshindani. Fundi Rajabu, alipokuwa akirudisha mkanda kwenye gurudumu lake, alisema tu, "Huyu aliyetengeneza hii ni mtu hatari." Kwa fundi Rajabu hiyo ilikuwa sifa.

Kutoka misheni tulikuwa tunakwenda kwenye mgodi mmoja wa dhahabu wilayani Geita. Barabara ilitupiga kama tuna deni nayo. Tulipofika kambi ya wafanyakazi na kuwasha jenereta, kipaza sauti kilikuwa bubu: valvu, ile taa ndogo ya kioo ndani ya mashine ya sauti, ilikuwa imeungua, na nyingine ilikuwa Mwanza. Picha zetu zote zilihitaji sauti au kipaza sauti, na kambi nzima ilikuwa imeshakaa chini: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, watu wa Kigoma, watu wa Songea, wake zao na mikeka yao. Wiki ile kazi ya shimoni ilikuwa nzito na watu hawakuwa na subira. Waliokuwa nyuma walianza kupiga miluzi.

"Tunayo moja isiyohitaji sauti," fundi alisema.

"Nitaisimulia kwa mdomo mtupu," nikasema. Nikatafuta bati, nikalikunja kama tarumbeta, nikasimama kando ya shuka.

Picha ilianza, nami nikaanza. Nilieleza mji, nikaeleza milima, nikamtambulisha mhunzi kama bwana harusi. Nilikuwa nimefika mbali nikimpigia kelele mshindani, ndipo mama mmoja aliyekuwa mstari wa mbele, na mtoto amelala mapajani, aliinua mkono kwa adabu.

"Baba, samahani. Hebu nyamaza kidogo. Tunatazama."

Watu wakacheka. Nilimgeukia fundi anitetee. Alikuwa ameinama kwenye mashine, na kwa mwanga wake mdogo nilimwona ameweka kidole midomoni.

Nikakaa chini. Na kwa kuwa sikuwa na kazi tena, ndipo nilipoiona picha ile kwa mara ya kwanza.

Ninyi mnaojifunza kutengeneza picha, nisikilizeni hapa. Kabla mhunzi hajapoteza masikio, yule bwana Mjerumani anakuonyesha kila kitu kinachotoa sauti, na anakuonyesha kwa karibu sana: nyundo ikishuka, mdomo wa mbwa, gurudumu la mkokoteni juu ya mawe, mama akimwita mtoto, njiwa wakiruka mnarani kengele ikipigwa. Anavipanga haraka haraka, kimoja juu ya kingine, mpaka unasikia. Hakuna sauti hata moja na kichwa chako kimejaa kelele. Halafu tanuri linapasuka, shuka linakuwa jeupe tupu, na picha inayofuata ni mbwa yuleyule, nyundo ileile, mama yuleyule, lakini sasa wote wako mbali, wanaonekana kupitia kioo cha dirisha. Midomo inafunguka na kufungika. Hujaambiwa kwamba mtu huyu ni kiziwi. Umekuwa kiziwi wewe.

Na vivuli. Bwana yule hakukutisha kwa mapango wala mizimu. Alichukua kengele iliyoning'inia uani, akaweka taa nyuma yake, na kivuli chake kikawa kinapita ukutani, kinapita kitandani, kinapita juu ya uso wa mke aliyelala, kinarudi. Kule kambini hakuna aliyewahi kuona mji wa theluji, lakini kila mtu alijua kukaa chumba kimoja na wasiwasi unaopita na kurudi.

Kikafika kipande cha sokoni. Mhunzi amesimama na wenzake, mmoja anasimulia kichekesho. Mhunzi anatazama midomo yao. Wenzake wanacheka, naye anaona wanacheka, ndipo anacheka, amechelewa kidogo tu. Bwana yule hakuweka maandishi yoyote hapo. Aliweka uso wa mhunzi, akauacha ukae muda mrefu, kicheko kikiwa kimebaki mdomoni na hofu imejaa machoni.

Kambi nzima ilicheka, maana kwanza ni kichekesho. Kisha kicheko kikaisha. Na katika ule ukimya, karibu na yule mama aliyeninyamazisha, mwanamume mmoja akacheka, peke yake, kwa sauti kubwa.

Alikuwa amechelewa.

Niliona vichwa vikigeuka. Kwanza waliokaa naye, kisha waliokuwa nyuma yao. Mwanamume yule alikuwa bado anatabasamu kwenye shuka. Mkewe, ndiye yule mama, hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mtoto, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Picha iliendelea, lakini nusu ya watu walikuwa sasa wanatazama picha mbili.

Mwisho wake nitausema, maana sidhani kama mtaupata popote. Kengele kubwa inapandishwa mnarani. Mji mzima uko chini, na mhunzi katikati yao. Kamba inavutwa. Hapo mtengenezaji mwingine angetuonyesha kengele. Bwana yule hakutuonyesha kabisa. Alituonyesha nyuso: bibi kizee, askari, mtoto anayeziba masikio, mshindani. Uso mmoja mmoja, bila haraka, na mhunzi akipita macho kwenye kila uso kutafuta kama kazi yake ni nzima. Hatimaye mshindani anavua kofia. Halafu maji katika birika la kunyweshea farasi yanaanza kutetemeka, duara ndani ya duara, na mhunzi anatumbukiza mkono wake humo. Yanatokea maandishi, neno moja tu. Padri alikuwa ametuambia maana yake: *Inalia.*

Tulipowasha karabai, watu hawakuinuka mara moja kama kawaida yao.

Nilikuwa nakunja waya nilipomwona nyapara wa zamu, Petro, mtu wa Kigoma, akija nyuma ya mwanamume yule aliyechelewa kucheka, ambaye alikuwa akikunja mkeka. Watu walimwita nyapara yule Baba Anna, na walimwogopa kwa haki, maana ndiye aliyekuwa akiwahesabu wanapotoka shimoni.

"Shija," aliita.

Mwanamume hakugeuka.

"Shija!"

Akaendelea kukunja mkeka, kwa uangalifu, akiupangusa vumbi. Mkewe ndiye aliyesimama.

"Shikamoo, Baba Anna."

"Marahaba, Mama Kabula. Tangu lini?"

Alitaka kukataa, nikamwona akikusanya uongo, kisha akauacha.

"Tangu mvua za mwaka jana. Ile mashine ya kutoboa mwamba ilianza kumla sikio moja, halafu la pili."

"Na king'ora cha baruti anasikiaje?"

"Hasikii. Anatazama wenzake. Wakikimbia, anakimbia."

Petro alikaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima na koti lake, kama aliyekatwa miguu.

"Na siku wenzake wakiwa nyuma ya kona? Mama Kabula, mimi ndiye ninayeamuru baruti iwashwe. Mimi! Ungekuja kulia kwa nani?"

"Tuna watoto wanne," alisema mama yule kwa sauti ya chini. "Kwao Shinyanga ng'ombe walikwisha kwa ukame. Ungekuwa wewe, Baba Anna, ungesema?"

Wakati huo Shija alikuwa amegeuka, akawaona. Alitazama uso wa mkewe, akatazama uso wa nyapara, na hakuhitaji mfasiri. Alisema kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejisikia, kambi nzima ikasikia:

"Petro! Nilitaka kukwambia mwenyewe! Nilikuwa sijui sauti yangu itatokaje!"

Petro akainuka. Nilidhani atampiga. Alimshika mabega, akasogeza uso wake mpaka mwanga wa karabai ukaupata vizuri, akasema polepole, akitanua midomo: "Kesho. Huingii. Shimoni."

Shija akaitikia kwa kichwa. Mkewe akaketi juu ya mkeka uliokwisha kukunjwa.

Ile ilikuwa hali ya kunikosesha raha kabisa. Tulikuwa tumeingia kambini na sanduku la padri, tukamtoa mtu kazini. Nilimwambia fundi Rajabu hivyo tukiwa tunakunywa chai asubuhi. Akasema, "Tumemtoa kwenye jeneza," kisha akaomba sukari. Lakini niliona naye hakulala vizuri.

Tulilazimika kukaa tukisubiri valvu kutoka Mwanza, kwa hiyo mengine niliyashuhudia mwenyewe. Petro alikwenda kwa Mzungu wa shimoni, akaambiwa kwamba kiziwi hana nafasi mgodini na arudishwe kwao. Hakurudi kambini. Alipitiliza mpaka kwenye kinu cha kusaga mawe, kwa Mzungu mwingine, mtu mkali mwenye ndevu nyekundu, nami nikamfuata kwa udadisi tu.

Sijawahi kuingia mahali pa kelele kama pale. Vyuma vizito vilikuwa vinapanda na kushuka juu ya mawe, sakafu inaruka, na meno yako yanagongana bila baridi. Nilimwona Petro akifungua mdomo na sikusikia kitu. Kisha nikatazama wafanyakazi. Hakuna aliyekuwa anasema. Ngumi mbili zikigongana ilikuwa "leta mawe." Kiganja chini, "punguza maji." Mmoja alimchekesha mwenzake kwa vidole vitatu tu, sijui alisema nini, mwenzake akashika tumbo. Watu wale walikuwa na lugha nzima mikononi, na mtu mwenye masikio mazima alikuwa mgeni kama mimi.

Petro alimvuta Mzungu nje na kumweleza. Mzungu yule akaingiza kidole katika sikio lake mwenyewe, akalichokonoa, akauliza kwa Kiswahili chake: "Sema tena?"

Petro akasema tena, kwa sauti ya juu.

"Kiziwi?" Mzungu alisema. "Humu sote viziwi. Mlete."

Shija alianza kazi kabla valvu haijafika. Nilimwona mara moja kupitia mlangoni: mwenzake alimwonyesha kiganja chini, naye akaenda kufunga maji, haraka, bila kuchelewa hata kidogo. Mama Kabula alituletea kuku wa safari. Alimkabidhi fundi Rajabu, si mimi, na ilikuwa sawa.

Baada ya hapo nilikuwa mtu mwingine kazini. Kipaza sauti nilikishika kwa miaka mingi, lakini nilikuwa najiuliza kwanza kama picha inanihitaji. Mara nyingi ilinihitaji, maana zilikuwa picha mbovu. Ile ya mhunzi tuliionyesha kila tulipoweza, Chato kando ya ziwa, Shinyanga mjini kwa watu wa kiwanda cha pamba, vijijini kwa wafugaji wasiojua mnara wala theluji, na hakuna mahali nilipolazimika kufungua mdomo. Kila mara niliona jambo jipya. Nilikuwa nimeitazama kwa miaka kabla sijagundua kwamba tangu tanuri linapopasuka hakuna maandishi yoyote mpaka lile neno la mwisho. Bwana yule alimnyima mhunzi maneno, akatunyima na sisi, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba hatukugundua tumenyimwa. Jina lake padri alinitajia mara moja, likapita. Alipofariki padri, hakukuwa na wa kumuuliza.

Mkanda ulikuwa unakufa. Ulisinyaa, ukawa unakatika, na fundi Rajabu aliuunga kwa gundi mpaka mikono ikaanza kumtetemeka naye akarudi Tabora. Mara ya mwisho niliuonyesha Geita, nikiwa mimi ndiye fundi. Shija alikuwa bado anafanya kazi kinuni, mvi zimemwingia. Alikaa mbele kabisa na wajukuu. Picha ilipokwisha alikuja garini, Mama Kabula akiwa kando yake kumfasiria kwa vidole, lugha ile ya kinuni ambayo nyumba yao nzima ilikuwa imejifunza.

"Nataka kukuuliza," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Aliyetengeneza picha hii. Alikuwa kiziwi?"

Nilimwambia sijui. Kwamba sijawahi kusikia hivyo. Mkewe akamwonyesha.

Shija alifikiri, mkono wake juu ya mlango wa gari.

"Basi alikuwa na mama kiziwi," alisema. "Au mke. Mambo haya mtu hayajui kwa kusikia."